Mlimau wa Kopo la Maziwa

6 Januari

Mwanangu,

Pokea salamu za nyumbani. Hapa sote tu wazima. Nimeandika "sote" kwa mazoea, niko peke yangu. Goti ni lile lile, halijapona wala halijazidi. Ulifika salama? Yule dereva alionekana mtu wa haraka, nikabaki pale stendi hadi basi likakata kona. Hata baada ya hapo nilisimama kidogo, maana sikukumbuka mara moja nilipaswa kwenda wapi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe tunanyamaza tu, kila mmoja anasikiliza mwenzake anavyopumua. Kwenye karatasi itabidi mtu aseme kitu.

Kiangazi kimeingia kwa miguu yote miwili. Ule mlango wa bati wa kwenda juu ya paa haushikiki mchana, naufungua kwa kitambaa. Nimepanda kuiangalia mimea ya mume wako. Yote iko pale ulipoiacha: mrehani na mnanaa kwenye zile droo za mboga za friji, mshubiri kwenye ndoo ya rangi, asumini kwenye pipa la mashine ya kufulia. Na kule pembeni kabisa, ule mlimau mdogo kwenye kopo la maziwa ya unga. Aliupanda Jumapili, na Alhamisi yake akaanguka jikoni kwa watu, bisibisi mkononi.

Wewe ulikuwa mke wake na mimi mama yake, lakini kati yetu wewe ndiye uliyekuwa ukipanda naye huko juu. Mimi na mimea hatujawahi kuelewana. Nimeshona sare za shule maisha yangu yote. Nguo ukiiacha juu ya kiti, unaikuta vile vile. Hivi vitu ukivipa kisogo tu, vimebadilika.

Basi niandikie nifanye nini, taratibu, kama unamwandikia mtoto. Mingine ikinifia nitasikitika, kisha nitafagia. Huo mlimau sitaki ufe. Katika vyote alivyoviacha, ndio pekee alioutia mkono ukiwa haujafika popote, na bado unakwenda.

Jambo jingine. Watu wanakuja. Joto hili linaua friji, na mtaa mzima unajua njia ya kwa Fundi Baridi. Wanabisha hodi, "Baridi yupo?" Nasema hayupo. Wanauliza atarudi lini, nasema sijui. Wanaaga, wanashuka ngazi. Nadhani si uongo.

Wako,
Mama


17 Januari

Mama, shikamoo.

Barua yako imenikuta na afya, namshukuru Mungu. Nakuombea goti. Ukipanda ngazi shika ukuta wa kushoto, wa kulia una chokaa inayobanduka.

Nilifika salama, dereva alikuwa na haraka ya mdomo tu. Kazi nimeanza. Tunapiga pasi mashuka ya hoteli, meupe, hayaishi. Unakunja moja, lingine linafika. Chumba kimejaa mvuke, dirisha liko juu sana, hata kiangazi chenu sikioni, naona mwanga tu. Nimewekwa karibu na mwanamke wanayemwita Mama Kola, kwa sababu miaka yote aliyokuwa hapa anapiga pasi kola za mashati ya wahudumu na hamruhusu mtu mwingine kuzigusa. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema, "Wewe utadumu. Huna haraka ya kwenda popote." Waliponiuliza habari za mume wangu nikasema ni fundi wa friji. Hawakuuliza zaidi na mimi sikuongeza.

Kuhusu mimea. Mwagilia alfajiri, kabla jua halijagusa tangi la maji. Ukichelewa, subiri jua lizame. Mchana usimwagilie hata ukiona majani yamelala, yamelala kwa joto tu, jioni yataamka. Yeye alikuwa akisema yanapumzika kama watu wenye akili. Kabla ya kumimina, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza. Kikitoka kikavu, mimina polepole mpaka uone maji yanatokea chini, kisha acha. Kikitoka na udongo umeshikamana, pita, nenda kwa mwingine. Maji yamwagie udongo, usiyamwagie majani.

Mrehani ukianza kuchanua, ukate ncha kwa ukucha, usiuonee huruma. Ukishatoa mbegu huona kazi yake imekwisha. Droo zisogeze kwenye kivuli cha tangi, maana ile plastiki inapata moto na mizizi inaiva. Asumini ifunike udongo wake kwa gunia. Mshubiri usahau kabisa, ndivyo unavyopenda.

Mlimau uache pale pale kwenye kona ya jua, juu ya lile bati jeusi. Aliuweka pale kwa makusudi.

Nalala vizuri. Nalala hata siku ya mapumziko, mchana wote.

Mkwe wako


29 Januari

Mwanangu,

Nafurahi kusikia una afya na unalala. Mimi pia nalala, ila usingizi wangu ni kama kukaa kituoni. Goti linakusalimu.

Kwanza nikuulize: "Mkwe wako" ndiyo nini? Unaandika kama mtu anayepeleka maombi ofisi ya kodi. Umekaa kwangu miaka yote hiyo, umenipaka dawa mgongoni, leo unanitilia sahihi hivyo. Haya, yaishe.

Nimefuata maelekezo yako. Maji ya bomba yanakuja kwa kusuasua, kwa hiyo nakinga ndoo, na Mzee wa Saa wa ghorofa ya chini ananisaidia kuzipandisha. Unamjua alivyo, mtu wa kutengeneza saa lakini mwenyewe hajawahi kufika mahali kwa wakati. Ila alfajiri hizi anafika. Anasalimia kila mmea, "Habari za kazi?" Alipofika kwenye mlimau aliinama akatega sikio. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akaona haya, akasema ni mazoea tu.

Mrehani ulikuwa umechanua kweli. Nilisimama na ukucha wangu pale muda mrefu. Mwishowe nikakata. Mikono yangu ikanuka vile alivyokuwa akinuka yeye akishuka jioni, na akipita jikoni anafunua sufuria bila kunawa, nami namfukuza. Sikunawa siku ile hadi wakati wa kula.

Amri moja nimeivunja. Mlimau nimeushusha. Kona ile ina jua la kukaangia, na lile bati jeusi la mgongo wa friji linachoma kama kikaango, sijui alikuwa anawaza nini. Sasa uko chumbani kwangu, chini ya dirisha, sakafu yake ni baridi na mwanga upo. Naupa maji mwenyewe kwa kikombe changu cha chai. Nikifungua macho asubuhi ndio wa kwanza kuuona.

Yule mwanamke anayeuza juisi kwenye kona alikuja. Friji yake inanguruma tu haigandishi. Nikasema hayupo. Akasema, "Mwambie tu nilikuja, yeye ananijua." Nikasema nitamwambia.

Mama


11 Februari

Mama, shikamoo. Natumaini hali ni njema na joto limepungua japo kidogo.

Barua hii ni fupi, nimechoka. Hoteli imejaa. Nimeungua kidogo kwenye kiganja, si jambo la kutisha, Mama Kola amenipaka dawa ya meno na kunitukana kwa upendo. Kinachonishangaza ni kwamba sikusikia maumivu. Yeye ndiye aliyeona, akanivuta mkono, akasema, "We mwanamke, uko wapi?"

Mwambie Mzee wa Saa asante. Mlimau hupenda jua, Mama, lakini wewe ndiye uliye nao karibu, fanya unavyoona.

Nilisema nitarudi mvua zikianza. Hapa hakuna dalili. Huko je? Sitaki ukae ukitazama mawingu kwa ajili yangu. Sijui nikirudi nitaingiaje kile chumba.

Umenikumbusha sufuria. Alikuwa akifunua, anafunika, halafu anauliza, "Mmepika nini?"

Mkwe wako (nimezoea, usinigombeze)


20 Februari

Mwanangu,

Kiganja kinaendeleaje? Usikifunge kitambaa kigumu. Mimi ni mzima wa mwili.

Mawingu hakuna. Mbingu ni tupu kama sahani iliyooshwa.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu ya mlimau. Yale majani ya chini yaligeuka manjano. Nikafikiri ni kiu, nikaongeza kikombe. Yakaanguka. Sasa yale ya katikati nayo yanageuka, si kukauka, yanakuwa laini, ukiligusa jani linabaki mkononi. Nikaongeza tena, asubuhi na jioni. Mzee wa Saa anasema labda ni ubaridi wa chumbani, mwanamke wa juisi anasema niweke majivu. Udongo umeanza kunuka, harufu ya tambara la jikoni lililosahaulika. Juu kuna kitu kama ukungu wa kijani.

Mingine yote huko paani inastawi. Asumini imechanua hadi majirani wameuliza ni manukato gani. Mrehani unanishinda kwa kukua. Huu mmoja ninaoulaza chumbani kwangu, ninaoupa maji kwa mkono wangu, ndio unaokufa.

Niambie ninachokosea. Niambie kama ilivyo, usinifiche.

Mama


26 Februari

Mama, shikamoo, na nisamehe sitaanza na habari.

Acha maji. Usiupe hata tone. Hukosei kitu ambacho ungeweza kukijua. Mimi ndiye niliyesahau kukwambia, ilikuwa kwenye ncha ya akili yangu muda wote na haikutoka.

Kopo lile limezibwa chini. Kwa mmea mpya wakati wa joto yeye alikuwa na namna yake. Alitoboa matundu kwa msumari wa moto kama kawaida, halafu akayaziba kwa nta ya mshumaa, ili maji yasipite moja kwa moja kabla mizizi haijashika. Alilipindua kopo tupu kwenye magoti yake, mimi namshikia mshumaa, nta ikidondoka kwenye tundu anaibonyeza kwa dole gumba ingali ya moto. Anapuliza dole. Nikimwambia unaungua anasema fundi haungui. Mmea ukishatoa jani jipya, basi ama anaichokoa nta kwa msumari, ama anaiacha, maana lile bati jeusi likipata jua kali linailainisha na kuitoa lenyewe. Ndiyo sababu ya ile kona. Ule mlimau alikuwa hajauzibua. Wiki ile hakuwahi.

Kwa hiyo maji yote uliyomimina yamo humo humo. Mizizi imekaa ndani ya maji. Lilaze kopo upande, utaona nta chini, nyeupe nyeupe. Chukua msumari uisukume. Maji yatatoka, yatanuka, usiogope. Kisha kwaruza shina kidogo kwa ukucha. Ndani kukiwa kijani, bado upo.

Fanya leo, Mama. Kila siku inayopita mizizi inazidi kuoza.

Kiganja kimepona. Nilisikia kilipokuwa kinawasha, nikafurahi.

Mkwe wako


16 Machi

Mama, shikamoo.

Naomba Mungu barua hii ikukute vizuri. Sijapata jibu. Nimekuwa nikipita pale mapokezi kuuliza barua hadi yule wa mapokezi akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Mwishowe nikampigia Mzee wa Saa. Alipokea kwa kupiga kelele kama kawaida yake, akasema uko mzima, unakula, unapanda kuimwagilia mingine. Nikamuuliza habari za mlimau. Akasema, "Kopo lipo chumbani. Hajalifanya kitu." Nikamuuliza barua yangu uliipata? Akasema ulimsomea yote, hadi kwenye kiganja.

Mama, sikugombezi. Kama mlimau umeshakufa, niambie. Nitalipokea. Siwezi kuendelea kukunja mashuka bila kujua, kwa sababu nimegundua nilikuwa na mimi nautegemea. Kila nikifikiria nyumbani nilikuwa naona kile kikopo kwenye kona ya jua, na hapo nilikuwa naweza kusimama bila kwenda mbele zaidi, chumbani, kitandani, kwenye viatu vyake.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mkwe wako


23 Machi

Mwanangu,

Nisamehe kwa ukimya. Nimefurahi kwa kiganja. Goti leo limevimba kidogo, na sababu utaiona mbele.

Barua yako niliisoma siku ile ile ilipofika. Nilitandika gazeti, nikalilaza kopo upande. Kwanza nilicheka, nikuambie ukweli. Miaka yote nilikuwa nanunua mishumaa kwa ajili ya umeme kukatika, nikifungua droo hakuna, namsingizia panya. Kumbe ninyi wawili.

Msumari nilikuwa nao mkononi. Nikawasha tochi nione matundu yako wapi.

Yapo matatu. Kwenye kila nta kuna dole gumba lake.

Wewe ulikuwa unashika mshumaa, labda hukuwahi kuangalia chini baada ya kupoa. Imetoka yote, ile mistari ya duara, wazi kama imepigwa mhuri. Na katikati ya duara kuna mstari ulionyooka unaokata mingine. Hilo ni kovu. Alikuwa mdogo, alichukua mkasi wangu mkubwa wa vitambaa akakata dole badala ya karatasi. Nikamfunga kwa kipande cha sare, sketi ya bluu ya mtoto wa watu, ikabidi niishone upya. Alilia kidogo tu. Akaniuliza kama dole litakuwa na mfuko, kwa kuwa limevaa sare. Nilikuwa nimelisahau kovu lile. Sikuliona hata nilipomshika mkono siku ya kumwosha. Nikaja kulikuta chini ya kopo la maziwa.

Basi msumari niliurudisha kwenye droo ya cherehani.

Nilijua unangoja. Nilijua mlimau unakufa. Kila asubuhi nilijiambia leo, kisha nalilaza kopo, nawasha tochi, natazama, nalisimamisha tena. Maji niliacha kuongeza, hilo nilikutii. Kama ningesukuma nta, dole lingeondoka. Nisiposukuma, mti unaondoka. Nilikaa hapo katikati, sikulia, sikufanya lolote. Nilikuwa kama nguo iliyowekwa juu ya kiti.

Juzi Mzee wa Saa alikuja na ndoo, akanikuta nimelala sakafuni, shavu chini, natazama. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaweka ndoo kati ya miguu. Akasema nimpe yeye azibue, ana vidole vyepesi. Nikakataa. Akafikiri, akasema, "Sasa hayo maji nayo unataka yaombe ruhusa?" Nikacheka mpaka nikakaa kitako. Na yeye akacheka, tukawa wazee wawili wasio na adabu.

Ndipo nikakumbuka ulichoandika kuhusu jua. Kwamba mwenyewe siku nyingine aliliachia jua. Nikaona hilo naliweza. Sitasukuma, wala sitazuia tena. Nitalirudisha tu mahali alipoliweka.

Tulilipandisha pamoja, yeye kashika chini, mimi nimeshika juu, goti likilalamika kila ngazi. Tukaliweka kwenye kona, juu ya bati jeusi. Siku ya kwanza hakikutokea kitu. Jana nilichukua mwavuli na kibao nikakaa kwenye kivuli cha tangi. Joto lilikuwa la kuyeyusha mtu, lile la Januari halikuwa kitu. Baada ya adhuhuri nikaona mstari mweusi umetokea chini ya kopo. Ulikuja polepole, ukafuata mteremko wa sakafu, ukanifikia viatuni. Unanuka kweli. Sikuinua miguu. Uliendelea kutoka hadi kivuli cha tangi kikafika kwenye kopo.

Nikalilaza kopo nikaangalia. Matundu mawili yamezibuka, nta imetiririka kwenye bati, haina umbo lolote. La tatu bado. Liko upande wa ukutani, jua halilifikii sawasawa. Dole lipo. Matundu mawili yanatosha kutoa maji. Hilo moja sitaligusa wala sitaliwekea kivuli, jua likilichukua litakuwa limechukua.

Shina nimelikwaruza kama ulivyosema. Ndani kuna kijani, chembamba. Majani yaliyobaki ni ya juu tu. Zaidi ya hapo sijui, na sitajifanya najua.

Leo asubuhi mwanamke wa juisi alibisha hodi. "Fundi karudi?" Nikafungua mdomo kusema hayupo. Nikasema, "Amefariki. Tangu kabla ya joto kuanza." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu, nikalisikia kama limesemwa na mtu aliye nyuma yangu. Yule mwanamke akakaa kwenye ngazi, akaweka kikapu chini. Akasema, "Na mimi nilikuwa namlaumu." Akalia yeye. Mimi sikuweza, lakini nilimshika bega. Nikampandisha juu nikamwonyesha mimea. Ameondoka na tawi la mnanaa kwa ajili ya juisi.

Nguo zako bado ziko kabatini, viatu vyake pia, sijavisogeza. Lakini nataka ujue hili. Mlimau ukipona, usije kwa sababu ya mlimau. Ukifa, usikae huko kwa sababu hiyo. Ukiamua maisha yako yawe huko, nitakukunjia nguo vizuri nikutumie, na bado utakuwa unaniandikia habari za Mama Kola. Ukija, njoo kwa kuwa umechoshwa na mashuka.

Mvua bado.

Mama


3 Aprili

Mama, shikamoo.

Goti ulikande kwa maji ya moto, na ndoo mwachie Mzee wa Saa peke yake. Mimi ni mzima.

Barua yako niliisoma kazini, nimesimama, shuka likiwa nusu kwenye meza. Mama Kola akaniuliza ni habari mbaya? Nikasema hapana. Halafu nikamwambia. Nikamwambia mume wangu alikuwa fundi wa friji, na kwamba amefariki, na kwamba mama yake amekaa juani na mwavuli akisubiri nta iyeyuke. Nilidhani atanikumbatia, nikajiandaa kukaza mwili. Hakunikumbatia. Alitoa shati kwenye rundo lake, akalinyoosha mbele yangu, akasema, "Piga hiyo kola." Nikapiga. Wengine wote wakaacha pasi zao wakatazama. Alipomaliza kuikagua akasema imepinda kidogo upande wa kushoto, akaitundika hivyo hivyo.

Nimeomba ruhusa. Naondoka Ijumaa, sitasubiri mvua. Sijui nitakaa kwa muda gani, wala sijui chumba kile nitakiingiaje. Mama Kola amesema pasi yangu ataifunika kitambaa, mtu asiiguse hadi nijue mwenyewe.

Usivisogeze viatu. Tutavisogeza sote.

Lile tundu la tatu ulivyosema ndivyo, usiliwekee kivuli kwa ajili yangu. Ila kama bado lipo nikifika, nataka kuliona. Nilimshikia mshumaa mara zote zile, nikimwangalia yeye usoni, sikuwahi kutazama chini ya kopo. Nitalala pale sakafuni kama ulivyolala. Uje na tochi, unionyeshe kovu.

Nakuletea mishumaa.

Usijibu barua hii, jibu halitanikuta huku.

Mwanao